Siku Nilizokaa Mlangoni pa Ofisi ya Kijiji

Mimi jina la mtu silisahau. Nionyeshe mtu yeyote wa kijiji chetu nami nitakwambia jina lake, la baba yake, la mama yake kabla hajaolewa, ng'ombe wangapi walitolewa mahari, na katika hao yupi alikuwa na pembe iliyovunjika. Lakini katika habari hii sitamtaja mtu hata mmoja. Wengi ninaowasema bado wako hai, tunachota maji kisima kimoja, na mimi bado napenda kusalimiwa. Ukiwa wa huku utawajua mwenyewe. Kama si wa huku, majina yatakusaidia nini?

Kijiji chetu kiko upande wa Kasoli, ukitoka Bariadi mjini. Tunalima pamba, mahindi, na mpunga kidogo kule bondeni. Zahanati hatukuwa nayo, basi tukaamua kuijenga. Wanaume walifyatua matofali wakayachoma, wanawake tukabeba maji na mchanga kutoka mtoni, mwaka wa jua kali. Kuta zikapanda mpaka mahali pa kupaua, zikasimama hapo. Zikasimama mpaka mbuzi wakazizoea. Ukimkosa mbuzi wako jioni, kwanza ulikwenda kuchungulia chumba cha kuzalishia.

Halafu mabati yakaja. Lori la halmashauri liliyashusha mbele ya ofisi ya kijiji, yakaingizwa ndani, yakalazwa sakafuni yakiwa yamefungwa mkanda wa chuma. Tulipiga vigelegele. Fundi akaja siku hiyo hiyo na nyundo yake na misumari mdomoni. Akaambiwa arudi nyumbani.

Kisa nini? Mabati yalikuwa hayajakabidhiwa. Kuletwa yalikuwa yameletwa, lakini kukabidhiwa ni jambo jingine. Ilikuwa lazima aje mgeni rasmi, asimame, aseme maneno, ashike bati moja, apigwe picha, ndipo bati liwe bati. Barua ilisema hivyo.

Mgeni rasmi akapangiwa siku. Tukapika wali, tukachinja mbuzi wawili, watoto wa shule wakafundishwa wimbo. Saa nane mchana simu ikaja: mgeni rasmi amepata dharura. Tukala. Sitadanganya, siku hiyo hakuna aliyehuzunika. Mara ya pili akapata dharura, tukala tena, na kwaya mbili zikashindana mpaka jioni. Mara ya tatu wanaume wakawa wanaulizana tangu asubuhi, "Leo dharura yake itakuwa saa ngapi?" ili mtu ajue kama ana muda wa kwenda shambani kwanza.

Nami nilikuwa nacheka kama wengine, mpaka siku mjukuu wangu alipokuja kuniona. Ni binti wa binti yangu, mtoto wao wa kwanza. Tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele yake kama mtu wa pili.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana bibi na mjukuu sisi tunataniana hivyo, tumegawana babu, "huyo mzigo unautua lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili, bibi."

Akakaa kwenye mkeka, akashika kiuno. Nikampa matoborwa ya karanga, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha anavyovipenda. Akatafuna kidogo, akaacha.

"Bibi, mimi naogopa mto."

Hakusema anaogopa uchungu. Alisema mto. Na kweli, mwezi wa kumi na mbili mto wetu unajaa, na wakunga wenye vifaa wako ng'ambo. Mimi mwenyewe mtoto wangu wa nne nilimzalia kwenye mkokoteni katikati ya mchanga, ng'ombe wamegoma kwenda mbele wala nyuma. Huyo alitoka mzima na sasa ana mvi. Wifi yangu hakuwa na bahati hiyo. Tulisubiri maji yapungue tangu alfajiri, na yalipopungua hatukuwa tena na sababu ya kuvuka. Tuligeuza mkokoteni tukarudi naye nyumbani, yeye na mtoto.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Utazalia hapa hapa. Chini ya bati." Nikalisema kama mtu mwenye bati mfukoni.

Sasa mwenye ufunguo wa ofisi ile yenye mabati alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Na mwenyekiti wa kijiji ndiye baba wa mjukuu huyo. Yaani ni mkwe wangu, amemwoa binti yangu.

Hapa wasio wa huku naomba mnisikilize vizuri. Kwetu sisi watu wa zamani, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Hata jina lake hulitamki. Si ugomvi, ni heshima. Wa siku hizi wanakaa kochi moja na wakwe zao wanaangalia televisheni, lakini mimi na mkwe wangu tulikuwa hatujafika huko. Miaka yote ya ndoa ile, sura yake nilikuwa naijua kutokana na picha ya kampeni iliyobandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Ni mtu mzuri, ana masikio makubwa kidogo.

Kwa hiyo kwenda kumwambia mwenyewe kuhusu mabati nilikuwa siwezi. Nikawaambia wanawake wa kikundi chetu, tunaolimiana mashamba kwa zamu. Hasira ikawashika. Wakasema kesho tunaandamana, tunamtaka mwenyekiti afungue mlango, mabati yatoke. Mmoja wao, mjane jirani yangu anayefuga kuku, akasema yeye ndiye atakayeongea, na hatapunguza neno.

Asubuhi wakaenda, wapata ishirini, wamefunga viuno. Mimi nikabaki nyumbani na heshima yangu. Nilitega masikio nisikie kelele. Kimya. Saa nne wakarudi, wanatembea polepole, wengine wamejiziba midomo kwa kanga.

"Vipi?" nikauliza.

Mjane akakaa chini. "Mayo," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mama, "tumeharibu."

"Mmeharibu nini?"

"Tumefika. Mwenyekiti akatoka nje. Mimi nilikuwa mbele kabisa, neno langu liko hapa mdomoni. Sasa akatokea mlangoni, na mimi..." akaanza kucheka, "na mimi magoti yangu yakapiga yenyewe. Nikapiga magoti. Mwangaluka, baba. Na wote nyuma yangu, pu! Wakapiga magoti."

Mnajua salamu zetu. Mwanamke hamsalimii mwanamume mzima akiwa amesimama, na salamu haiishi kwa neno moja. Mwenyekiti naye ni mtu mwenye adabu. Akampokea kila mmoja salamu yake, akauliza ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua kama imenusanusa upande wao. Watu ishirini! Alipomaliza wa mwisho jua lilikuwa juu, magoti yamekufa ganzi, na hasira imekwenda zake. Akawaambia, "Ahsanteni sana akina mama kwa kuja kunisalimu. Viongozi wengine hawapati heshima hii." Akaingia ndani.

"Na neno lako?" nikamwuliza mjane.

"Nimelimeza, mayo. Kwani mtu anafokaje akiwa amepiga magoti?"

Tulicheka mpaka tukatoka machozi. Halafu mjane akajifuta uso, akanitazama kama anayemtazama kuku wa kuuza.

"Wewe," akasema, "wewe humpigii magoti."

"Simpigii kwa sababu simkaribii."

"Ndiyo hivyo. Wewe ukikaa pale mlangoni, yeye atapita wapi?"

Nikamwambia afunge mdomo wake. Nikamwambia hayo ni matusi. Nitazame, mama mzima, bibi wa watu, nikajitupe mbele ya mkwe wangu mchana kweupe! Nikawafukuza wote wakalime. Lakini siku ile sikula vizuri. Kila nikitia tonge mdomoni namwona mjukuu wangu ameshika kiuno.

Kesho yake nikachukua kigoda, ungo na karanga za kubangua, nikaenda. Nilifika saa kumi na mbili na nusu kabla hajafika mtu. Nikaweka kigoda kizingitini katikati, nikaupa mlango mgongo, nikaanza kubangua.

Saa mbili nikasikia pikipiki. Mkwe wangu alikuja kwa mwendo wake wa uenyekiti, wa polepole, mkono mmoja ukipungia watu. Akakata kona. Akaniona. Nami nikainamisha uso kwenye ungo, lakini kwa jicho la pembeni niliona pikipiki ikigeuka yenyewe kama ng'ombe aliyeona fisi, ikapita juu ya tuta la viazi la mwalimu, ikaingia nyuma ya mashine ya kusaga, ikazima huko.

Mtendaji wa kijiji ndiye aliyetokea, ameshika ufunguo wa mlango aliopewa na mwenyekiti. Huyu ni mwajiriwa, kijana msomi wa kutoka mikoa ya mbali, ana viatu vinavyong'aa hata wakati wa vumbi.

"Shikamoo bibi. Naomba unipishe niingie."

"Marahaba. Wewe pita." Nikasogeza goti, akafungua, akaniruka. Akafika mezani, akakumbuka kwamba mihuri iko kwenye sanduku na ufunguo wa sanduku uko na mwenyekiti. Akaniruka tena kutoka, akaenda nyuma ya mashine. Akarudi amekunja uso.

"Bibi, mwenyekiti anasema hawezi kuja ukiwa hapo."

"Najua."

"Sasa utatoka saa ngapi?"

"Mabati yakitoka."

Akasogea pembeni akapiga simu polisi mjini. Nilimsikia vizuri, maana masikio yangu hayajazeeka. "Afande, huku kuna maandamano... Watu wangapi? Mmoja... Bibi... Hapana, hatembei, amekaa... Ana ungo... Karanga, afande." Halafu akaitazama simu. Ilikuwa imekatwa.

"Mwanangu," nikamwambia, "kuandamana kunataka kibali. Kukaa je?"

Akaitia simu mfukoni. Akaenda kukaa katikati ya uwanja, kati ya mimi na mashine, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Maana mkwe wangu alianza kuongea kutoka nyuma ya ukuta.

"Mtendaji! Mwambie mama mkwe kwamba mabati yana utaratibu."

"Bibi, mwenyekiti anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mkwe wangu mvua haisubiri utaratibu."

"Mwenyekiti, bibi anasema..."

"Nimesikia! Mwambie mama mkwe nimepiga simu wilayani mara sita."

"Bibi... Jamani, si mnasikiana? Kwa nini msiongee wenyewe?"

"Niongee na nani?" nikasema. "Mimi hapa namwona mtu?"

"Mtendaji," mkwe wangu akasema kwa sauti ya masikitiko, "wewe fikisha tu ujumbe."

Basi akafikisha. Anageuka huku, anageuka kule, jua linampiga. Mara mwenye mashine akawasha mashine yake, akina mama wana mahindi ya kusaga, mazungumzo yakasimama mpaka debe tatu ziishe. Yakianza tena, mtendaji ameshasahau zamu ni ya nani. Nikamsikia anasema peke yake, "Nimesoma utawala miaka mitatu."

Saa saba binti yangu akaja na chakula. Mkono huu bakuli la mumewe, mkono huu langu. Akampelekea kwanza wa nyuma ya mashine, akaja kwangu, akaliweka bakuli chini kwa nguvu.

"Mama, unanitia aibu."

"Ugali umeiva vizuri."

"Mama! Baba watoto hakulala jana—"

"Jana nilikuwa sijaja hapa. Kwa nini hakulala?"

Akatazama kule kwenye mashine. Halafu akasema chini chini, "Anaogopa mto, kama wewe." Akachukua ungo wangu akabangua karanga mbili tatu, akainuka akaenda.

Hapo nikajua mkwe wangu si adui. Lakini sikuinuka.

Nilikaa siku tatu. Haikuwa raha yote. Mtu mmoja alikuwa na fahali wa kupeleka mnadani na barua yake haina muhuri, akanijia juu, "Mayo, ng'ombe wangu anakonda kwa ajili ya bati?" Nikamwuliza mke wake wa pili alijifungulia wapi. Akamtazama fahali, akampeleka malishoni.

Siku hiyo ya tatu akaja katibu wa tawi la chama, mzee mwenzangu, kwa baiskeli. Tulikua pamoja, tulichunga ndama pamoja. Uchaguzi haukuwa mbali, na habari ya bibi wa mlangoni ilikuwa imeshafika Bariadi kwa simu za watu, eti na picha. Akasimamisha baiskeli, tukasalimiana mpaka tukamaliza.

"Haya mambo," akasema, "si ya mlangoni. Ni ya kikao."

"Basi kaeni kikao."

"Wewe kadi ya chama unayo?"

"Iko sandukuni, chini ya sanda yangu."

"Kamati ya tawi ina nafasi moja ya mama. Aliyekuwapo amehamia Malampaka kwa mwanawe. Tukuingize wewe. Ukiwa mjumbe, hoja yako unaileta ndani, kwa utaratibu."

Nikamwambia nitafikiri. Jioni mjane akanipa maana yake. "Mayo, wanakufungia ndani kama kuku anayedonoa mbegu. Mjumbe haruhusiwi kukaa mlangoni kupinga wenzake. Halafu mkwe wako ni mjumbe pia, anaingia kwa cheo chake. Chumba kimoja hamwezi kukaa. Utabaki nyumbani na ujumbe wako."

"Nani amesema," nikamwuliza, "kwamba atakayebaki nyumbani ni mimi?"

Wanachama wakakutana, wakaninyooshea mikono, nikapita. Katibu akajaza fomu.

"Elimu?"

"La pili. Nilitolewa kwenda kuchunga, na wewe ulikuwepo."

"Uzoefu wa uongozi?"

"Andika nimezaa tisa."

Kikao cha kwanza kiliitwa saa tatu asubuhi, ndani ya ofisi ya kijiji, kwa sababu ofisi ya tawi ilikuwa imejaa pamba ya mtu. Mimi nilifika saa moja, mtendaji akanifungulia. Nikachagua kiti cha ndani kabisa, karibu na mabati. Wajumbe wakaja mmoja mmoja. Mkwe wangu akaja, akasikia kikohozi changu, akabaki nje.

Katibu akahesabu watu. Akahesabu tena. Bila mwenyekiti wa kijiji akidi haitimii. Akanitazama. Nikaitazama dari.

Wakasema asimame dirishani. Akasimama, lakini jua lilikuwa linamchoma kisogo, na watoto wakajaa wakidhani anauza kitu. Wakasema mimi ndiye nisimame dirishani. Nikasema magoti yananiuma. Mwishowe mjumbe mmoja, fundi wa baiskeli, akasema, "Si tusimamishe mabati katikati?"

Tukayatazama. Mabati yale yalikuwa hayajaguswa tangu lori liondoke. Kuyasimamisha ni lazima kukata mkanda.

"Hatuyakabidhi," katibu akasema, akitafuta maneno. "Tunayasimamisha tu. Kwa muda wa kikao."

Wakakata mkanda. Wakayasimamisha mabati yameegemea meza, ukuta mzima wa bati jipya, mimi huku na wajumbe nusu, mkwe wangu kule na nusu nyingine. Katibu akakaa kwenye ncha ili aone pande zote. Kila mtu akiegemea, bati linalia ng'waaa, na katibu anasema, "Mjumbe, kupitia kwa kiti."

Ilipofika ajenda ya zahanati, katibu akasema tuwe na subira, mabati ni ya halmashauri. Nikanyoosha mkono.

"Mabati ni ya halmashauri, sawa. Na kuta ni za nani?"

"Za wananchi."

"Wananchi gani?"

"Wananchi wote."

"Wote si jina la mtu. Ngoja nikutajie."

Nikaanza na msingi. Nani alileta mawe, kwa mkokoteni wa nani, ng'ombe wale walikuwa wa rangi gani. Nikaja kwa waliofyatua matofali, tanuri la kwanza na la pili lile lililobomoka. Nikaja kwa wanawake wa maji, mmoja mmoja, na ndoo zao. Mtendaji ndiye aliyekuwa akiandika muhtasari.

"Bibi, niwaandike wote?"

"Andika. Wao hawakuuliza kama wabebe wote."

Akaandika. Akageuza karatasi, akaandika. Saa sita ikapita, matumbo yakaanza kunguruma pande zote mbili za bati. Nikamtaja mama yake katibu, aliyebeba mchanga kwa sufuria kwa sababu mguu wake ulikuwa mbaya na ndoo ilimshinda, na hakuishi kuiona linta ya juu ya milango ikifungwa. Katibu akaiweka kalamu mezani, akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Nikafika kwenye mbao za milango. Zililetwa kutoka barabarani begani, na kijana mmoja alizileta nne peke yake bila kutua, akarudi kusaidia wengine.

"Na huyo," nikasema, "mimi simtaji."

Kalamu ya mtendaji ikasimama. Akanitazama. Wajumbe wote wakatazama bati. Bibi anayejua jina la kila mtu amefika kwenye jina moja amenyamaza, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani. Nyuma ya bati kiti kikalia.

"Mtendaji," sauti ikasema, na haikuwa sauti ya uenyekiti. "Mwambie mama mkwe mimi naogopa. Barua iko kwenye faili. Nikipaua bila mgeni rasmi, nitavuliwa cheo."

Mtendaji akafungua mdomo.

"Nimesikia, mwanangu," nikamwambia. "Mwambie mkwe wangu akivuliwa cheo atakuja kulima, jembe ninalo la kumpa. Binti yake akichukuliwa na mto, nitampa nini?"

Safari hii mtendaji hakurudia.  Nilisikia mkwe wangu anajikuna kichwa, maana bati linapitisha kila kitu.

"Tupaue yote," akasema mwishowe. "Tubakize bati moja tu. Mgeni rasmi akija, apandishwe ngazi, apigilie hilo moja, apigwe picha. Barua itakuwa imetimia."

Fundi wa baiskeli akapiga makofi, bati likaanguka nusu, wakalidaka. Wazo la mkwe wangu likapita bila mtu kupinga. Tulichobishana ni tundu libaki wapi. Wengine wakasema stoo, wengine wakasema juu ya chumba cha mganga ili awe macho. Tukaafikiana kona ya baraza, hapo atapigwa picha vizuri.

Fundi wa kupaua alikuwa anasikiliza nje ya dirisha muda wote. Kabla katibu hajafunga kikao yeye na wenzake wameshaingia, wanabeba bati la kwanza, la pili. Ukuta wetu ukaanza kupungua. Nikaona bega la mkwe wangu. Nikafunika uso kwa kanga, yeye akaruka dirisha. Ndivyo kikao changu cha kwanza kilivyofungwa, na muhtasari unasema kilifungwa kwa amani.

Paa likakamilika kwa siku nne. Mbuzi walihamishwa kwa viboko. Nesi aliyekuwa amepangiwa kwetu tangu enzi za kuta, akawa anashikizwa kata ya jirani, akaletwa na kitanda chake na ndoo ya dawa. Mgeni rasmi mpaka leo bado ana dharura, na tundu lake tumemtunzia.

Mvua ilianza mapema. Siku yenyewe ilinyesha tangu asubuhi, mto ukawa unasikika mpaka jikoni kwangu. Mchana wakaniita. Nilikimbia, kama kukimbia kule kunaitwa kukimbia. Nilipofika mjukuu wangu alikuwa ameshalazwa, mama yake amemshika mkono, mvua inapiga bati kwa kishindo na ndani hakuna tone. Nesi akaniweka kwenye kile chumba kidogo cha kusubiria, pembeni ya mlango.

Nikachungulia nje. Kwenye uwanja, ndani ya mvua, alisimama mtu amejifunika gunia. Ndiye aliyemleta. Hakuwa na pa kujikinga ila baraza, nalo ni dogo, na lile tundu la kona linalimwagia maji lote. Kuingia hawezi, mimi nimo. Mimi kutoka siwezi, mto ule unaunguruma na mjukuu wangu yuko ndani.

Nikamwita nesi. "Mwanangu, mwambie mkwe wangu aingie. Mwambie nimegeukia ukuta."

Nesi, ambaye kwao ni mbali, akanitazama, akaenda. Nikageuza kigoda, nikaweka paji la uso karibu na plasta ambayo maji yake niliyabeba mimi. Nikasikia miguu yenye tope inaingia, inasita, inazunguka. Akakaa kwenye sakafu upande wa pili, naye amegeukia ukuta wake. Tukakaa hivyo, migongo inatazamana, maji yanamdondoka.

Sijui tulikaa muda gani. Mjukuu wangu alipiga kelele mara tatu, na kila mara nilisikia mgongo ule mwingine unavuta pumzi pamoja na wangu. Halafu ikaja sauti nyingine, nyembamba, yenye hasira, ya mtu aliyeamshwa bila kuombwa ruhusa.

Nesi akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitenge. Akasimama katikati yetu, akamtazama huyu, akamtazama yule, asijue amwonyeshe nani kwanza.

"Ni msichana. Mama yake hajambo," akasema. Halafu akashindwa kuvumilia. "Samahanini, lakini nyie wawili mmegombana?"

Tukajibu kwa pamoja, kila mtu akiuambia ukuta wake:

"Hapana! Tunaheshimiana."